Hela ilitoka wapi? Kutoka maonyesho ya sarafu ya Berlin hadi Tabora na Kilwa

Kama wewe ni Mtanzania, kuna neno la Kijerumani unalitumia kila siku, hasa tarehe zikianza kuwa za ishirini na kitu: hela. Limetokana na Heller, sarafu ndogo ya shaba iliyoanza kutolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Na Heller nayo ina kwao. Kusini mwa Ujerumani kuna mji unaoitwa Schwäbisch Hall, mji uliotajirika kwa chumvi, ambako zama za kati zilitengenezwa sarafu ndogo za fedha zilizokuja kuitwa kwa jina la mji huo. Kwa hiyo mdeni wako wa Kariakoo akikwambia "kaka, sina hela", anautaja mji wa chumvi wa Ulaya bila yeye mwenyewe kujua.

Mambo hayo utayapata vitabuni. Lakini sarafu ni kitu, siyo neno tu, na mtu anayesoma akiolojia kama mimi hatosheki mpaka akishike. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka nilipanda treni kwenda Berlin, kwenye maonyesho ya sarafu yanayoitwa World Money Fair. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kwenye hoteli ya Estrel. Zamani yalikuwa Basel, Uswisi. Yalihamia Berlin mwaka 2006.

Usifikirie meza mbili tatu na wazee wenye makoti mazito. Wazee wapo, tena wengi, lakini ukumbi ni kama Sabasaba iliyoezekwa paa. Mbele wamekaa wakubwa: viwanda vya sarafu vya mataifa mbalimbali, vyenye taa kali na sarafu mpya zinazong'aa ambazo hakuna atakayenunulia mkate. Hapo Afrika ipo kwa wingi wa ajabu, simba, faru, twiga, tembo. Sarafu ya fedha ya tembo yenye jina la Somalia, kwa mfano, inatengenezwa Munich. Ipeleke Mogadishu ukaagize chai uone kama utapata hata kikombe. Sehemu hiyo niliipita haraka.

Utamu uko nyuma, kwenye meza za wachuuzi. Kila meza ina trei zenye vishimo vya duara, boksi za kadi, mizani ndogo, taa ya kuinamisha na kioo cha kukuzia. Sarafu za bei zimefungiwa kwenye vibao vya plastiki vyenye alama ya ubora, kuanzia 1 hadi 70. Mfumo huo uliasisiwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon kwa ajili ya senti kubwa za zamani za kwao, na leo unatumika karibu dunia nzima. Tofauti ya alama mbili tu inaweza kuwa tofauti ya kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Nikawa najiuliza, huyu aliyetoa alama 64 badala ya 63 alilala vizuri siku hiyo?

Wengine hawaamini macho peke yake. Niliona mtu na kifaa kama bastola, anakielekeza kwenye sarafu, anasubiri sekunde chache, kisha anasoma kwenye kioo asilimia za madini. Kinatumia eksirei: miale inagonga atomi, na kila elementi inajibu kwa nishati yake yenyewe, kama vile kila mtu anavyotambulika kwa sauti simuni. Ni kifaa tunachokitumia hata sisi kwenye maabara. Kasoro yake ni kwamba kinasoma ngozi ya juu tu. Sarafu iliyokaa ardhini miaka mia sita imeliwa na chumvi na unyevu, na ngozi yake haifanani tena na nyama yake. Kwa dhahabu mpya kinafaa sana. Kwa shaba ya pwani yetu inabidi uwe mwangalifu na namba unazopewa.

Basi, nirudi kwenye hela.

Nilikwenda na rafiki yangu Mkenya tunayesoma naye. Kwake hakuna hela. Kuna pesa, na akiwa na wenzake kuna chapaa, doo, ganji. Tumebishana siku nyingi nani anaongea Kiswahili cha kweli. Kwenye trei ya kwanza yenye maandishi "Deutsch-Ostafrika" ubishi ukapata ushahidi, ila ushahidi ukamnufaisha yeye zaidi. Sarafu ya kwanza ya shaba ya Wajerumani kwetu haikuwa Heller. Ilikuwa pesa, iliyotolewa kuanzia 1890 na kampuni ya Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Upande mmoja una tai wa Kaizari. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu, Shirika la Ujerumani, na mwaka wa hijria 1307 na iliyofuata.

"Umeona?" akaniambia. "Hata Mjerumani mwenyewe alianza na pesa."

Ni kweli. Na hapo ndipo historia inapokaa vizuri mkononi. Mwaka 1890 kampuni ile haikuwa na nguvu ya kuiambia pwani itumie fedha gani. Pwani ilikuwa tayari na zake. Kulikuwa na riale za Maria Theresa, sarafu kubwa za fedha kutoka Vienna ambazo hadi leo zikitengenezwa huandikwa mwaka uleule, 1780, kwa sababu wafanyabiashara waliizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Kulikuwa na pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye picha ya mizani. Na juu ya yote kulikuwa na rupia ya India, maana biashara ya pwani ilikuwa imeshikana na Bombay. Ndiyo maana kampuni ikatoa rupia zake, Kaizari Wilhelm II akiwa na kofia ya vita yenye tai kichwani, na pesa 64 kwa rupia moja, hesabu ileile ya Wahindi. Mkoloni aliyetaka sarafu yake ipokewe ilimbidi aandike Kiarabu na ahesabu kihindi.

Mwaka 1904 serikali ya koloni ndiyo ikatupa hesabu ya 64. Rupia ikawa Heller 100, na rupia 15 zikafungwa kwenye Marki 20 za Ujerumani. Yaani mkoba wa koloni ukakatwa kutoka Bombay na kuunganishwa na Berlin. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vikaanza, na hapa siwezi kuitazama Heller kama kidude cha kukusanya tu. Tangu 1898 kulikuwa na kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka vijijini. Mwanzoni wengi waliilipa kwa mazao au kwa kazi. Kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilizidi kudai fedha taslimu. Mtu wa Matumbi anayelima mtama atapata wapi rupia? Kwenye shamba la pamba, la mzungu au la akida. Watu wa Matumbi walipoanza kwa kung'oa pamba mwezi Julai 1905, waling'oa mmea uliokuwa umefungamana na kodi hiyo. Sarafu hazikuletwa kurahisisha ununuzi sokoni peke yake. Zililetwa ili zitafutwe.

Heller moja ya shaba, imechakaa kiasi, ilikuwa bei ya kahawa ya pale ukumbini. Ziko nyingi. Za Heller 10 za nikeli na shaba, za kuanzia 1908, zina tundu katikati, na hapo mwenzangu akanikumbusha kwamba Waingereza wa upande wao nao walitoboa senti zao wakati huohuo. Tundu linapunguza madini na linaruhusu uzi kupita. Nguo za wakati ule hazikuwa na mifuko ya kuaminika.

Meza niliyokaa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja Mjerumani anayeuza sarafu za makoloni tu. Kijerumani hakina shikamoo, nikabaki na "Guten Tag" yangu na kuinamisha kichwa kidogo. Aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Tanzania, hakuuliza habari za Serengeti. Akafungua droo, akatoa trei ya sarafu chafu chafu, zisizopendeza hata kidogo. "Tabora," akasema.

Hadithi ya sarafu za Tabora ni moja ya vipande nivipendavyo sana katika historia yetu ya teknolojia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, manowari za Waingereza ziliziba bandari. Meli hazikuja, na sarafu mpya kutoka Berlin na Hamburg hazikuja. Lakini askari wanataka mshahara, wapagazi wanataka ujira, na mwenye kuuza mtama hataki karatasi. Karatasi zilichapwa kweli, Dar es Salaam, kwenye kila aina ya karatasi iliyopatikana, na watu wakazidharau. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo Tabora ilikuwa na karakana ya reli, na karakana ina mafundi, vyuma na mashine. Mwaka 1916 karakana hiyo ikageuzwa kiwanda cha sarafu.

Malighafi ilikuwa chakavu. Maganda ya risasi na ya mizinga yakayeyushwa yakawa shaba ya njano ya Heller 5 na Heller 20. Shaba nyekundu nayo ilipopatikana ikatumika. Chini kuna herufi T, ya Tabora. Zikilinganishwa na za Berlin ni mbaya: kingo hazilingani, uso umekwaruzika, nyingine zimepigwa pembeni kidogo. Mihuri ya chuma iliyotumika kuzipiga iliharibika, ikachongwa mingine kwa mkono, na kwa sababu mkono haurudii kitu kilekile mara mbili, Heller 20 za Tabora zina sura kadhaa. Mzee alinionyesha kwa ncha ya penseli: hii ina taji kubwa, hii taji dogo, hizi herufi L mbili za neno HELLER mikia yake imejikunja, hizi ina ncha kali. Wakusanyaji wamezipanga zote kwa herufi A, B na C, pande zote mbili.

Mtu anaweza kucheka kwamba watu wazima wanagombea mkia wa herufi L. Mimi sikucheka. Mkia huo ni alama ya patasi ya fundi. Ukijua muhuri upi umeoanishwa na upi, unaweza kufuatilia karakana ilivyofanya kazi: muhuri wa mbele ulipochoka, wa nyuma ukaendelea na mwenzake mpya. Ni kazi ileile tunayoifanya kwa sarafu za kale, na hawa wameifanya bila mshahara wowote, jioni, sebuleni kwao.

Kisha akanionyesha tembo. Sikuishika, ilikuwa kwenye kibao cha plastiki, na bei yake ni ya maelfu ya euro. Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, Tabora 1916: tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Ilichorwa na mhandisi wa reli aitwaye Vogt, na mihuri yake ikachongwa na sonara Msinhala, mtu wa Ceylon. Zilitengenezwa kama 16,000 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora yakitokea Kongo, na kiwanda kikawa kimekwisha kazi. Hebu tafakari orodha hiyo: dhahabu ya Singida, mhandisi wa Kijerumani, fundi kutoka Ceylon, karakana ya Unyamwezi, Wakongo chini ya Wabelgiji wakija kuiteka. Katika katalogi yote hayo yanaitwa kwa namba moja tu ya rejea na bei tatu kulingana na ubora.

Nilimuuliza mzee wanunuzi wake ni akina nani. Wajerumani wengi, akasema, na Wamarekani. Kutoka Tanzania? Akafikiri. Mimi nilikuwa wa pili, na wa kwanza alitaka kuuza.

Sasa nifike kwenye sarafu iliyoninyima usingizi kwenye treni ya kurudi. Haikuwa ya Wajerumani. Kwenye boksi la "Afrika, mbalimbali" la mchuuzi mwingine kulikuwa na bahasha ndogo ya karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Ndani, kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, cheusi, chenye maandishi ya Kiarabu yaliyofifia. Juu ya bahasha, kwa wino wa kalamu ya kuchovya, neno moja: Kilwa. Chini yake bei ya zamani ya Marki. Basi.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, jambo lililokuwa nadra mno kusini mwa Sahara enzi hizo. Hazina tarehe wala jina la mji. Zina jina la sultani upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina: ukizisoma mfululizo zinaimba. Maarufu zaidi ni za al-Hasan bin Sulaiman, ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, na ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa. Sarafu yake moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kitu chenyewe ni shaba ya thamani ndogo, lakini mahali kilipokutwa kinafunga ncha mbili za njia ya dhahabu.

Na hapo ndipo ubaya wa ile bahasha. Nikupe mfano mmoja uelewe. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, aliweka utawala wa Ali bin al-Hasan, sultani wa kwanza anayejulikana kwa sarafu, karibu na mwaka 1200. Kwa ushahidi aliokuwa nao ilikuwa hesabu ya haki. Halafu mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana hazina iliyofukiwa: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani, Ali bin al-Hasan akiwemo. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu za ng'ambo, na hizo zina tarehe. Ya mwisho kabisa ni ya 1066. Kwa mkupuo mmoja utawala wa Ali ukarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, na mpangilio wa mwanzo wa miji ya Waswahili ukabidi kuandikwa upya.

Sasa chukua hazina ileile uigawe. Dinari kwa mnunuzi wa Geneva, za fedha mia mbili kwa mtu wa Dubai, zilizobaki moja moja kwenye bahasha zenye neno "Pemba". Hakuna sarafu iliyovunjika. Zote zipo salama, pengine zimetunzwa kuliko ghala zetu. Lakini ile miaka mia moja imepotea na hairudi, kwa sababu haikuandikwa kwenye sarafu yoyote. Ilikuwa kati yao, katika kukaa pamoja.

Nilijaribu kuongea na mchuuzi wa bahasha. Hakuwa mtu mbaya. Aliinunua ndani ya mkusanyo mzima wa marehemu fulani, na bahasha ndiyo karatasi pekee iliyokuja nayo. Alinielewa haraka kuliko nilivyotegemea, ila alikuwa na jibu: bila wakusanyaji, alisema, vipande hivi vingeyeyushwa na kuwa sufuria. Sehemu ya jibu hilo ni kweli, na ninajua wapi. Mwaka 1944 mhudumu wa rada wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia. Akaziweka koponi. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitambuliwe: nne za Kiholanzi, tano za Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu bado wanabishana. Lakini wanaweza kubishana, na mwaka 2013 msafara ukaenda kupatafuta pale mahali, kwa sababu Isenberg alikuwa na ramani aliyotia alama ya X. Askari kijana, asiye na shahada ya akiolojia, penseli tu. Aliyeandika "Kilwa" kwenye bahasha naye alikuwa na kalamu mkononi. Je, ilikuwa Kilwa Kisiwani? Songo Mnara, ambako wachimbaji wamekuta mamia ya sarafu za aina hii zikiwa zimefukiwa pamoja? Kisimani Mafia? Chini ya sakafu, au juu ya kaburi? Maneno manne zaidi yangetosha.

Bei aliyoniambia ningeweza kuilipa kwa kula ugali na maharage wiki mbili. Sikuinunua. Mwenzangu alisema ningeinunua niirudishe nyumbani, na tulibishana mpaka stesheni. Hoja yangu ni kwamba kila kinachonunuliwa kinaleta kingine sokoni, na atakayekitafuta ni kijana wa Kilwa Masoko mwenye jembe usiku. Hoja yake ni kwamba hicho kimoja kilikuwa tayari mbele yetu. Bado hatujakubaliana.

Kwa sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni mabaki yanayolindwa, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo Heller ya babu iliyo kwenye kopo la vifungo haimo, sarafu ya Kilwa imo. Ukiwa nayo, au ukiiokota ufukweni baada ya mvua kubwa, usiisugue kwa ndimu na majivu. Utaondoa maandishi pamoja na kutu. Ipige picha pande zote mbili ukiiweka kando ya rula. Andika tarehe, jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, umbali kutoka mti au ukuta unaojulikana, na vitu vingine vilivyokuwa karibu, hata kama ni vigae tu. Simu ya kawaida inatoa majira ya nukta, yanakili. Halafu karatasi hiyo na sarafu hiyo viende pamoja kwa afisa wa mambo ya kale wa eneo hilo, Makumbusho ya Taifa, au idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.